Marundo Mawili ya Pamba

Kope za mama nilizing'oa mimi. Kazi hiyo nilipewa nikiwa na miaka kumi na tatu hivi, kwa sababu nilikuwa naona vizuri na mkono wangu hautetemeki, na hakuna aliyeniuliza kama naitaka. Kila Jumapili tukitoka kanisani alikaa kwenye kigoda mlangoni, akageuza uso kwenye jua, nami nikasimama mbele yake na kibano ambacho fundi baiskeli alitutengenezea kwa kipande cha bati. Mama alikuwa na vikope. Ngozi ya juu ya macho yake ilikuwa imejikunja kwa ndani, nywele zikawa zinachoma jicho kila alipopepesa. Nikizing'oa alipata nafuu siku nne au tano, kisha zikachipua upya, fupi na ngumu kuliko za mwanzo. Sikuwahi kumwona akilia kwa ajili ya kope. Niliyelia ni mimi, siku za mwanzo, naye akanikaripia kwamba machozi yananizuia kuona na kwamba ana ugali wa kupika.

Kwetu, upande wa Lagangabilili, vikope havikuwa habari. Vumbi lilikuwa jingi, maji yalikuwa mbali, na nzi walikuwa wa kila nyumba. Wanawake wawili wa jirani walikuwa tayari wanaongozwa kwa fimbo, kwa hiyo tulijua mambo yanaishia wapi. Mganga wa zahanati alimtazama mama akatuambia kuwa hospitali ya misheni wanaweza kuipasua ile ngozi na kuigeuza ikae sawa, kazi ya muda mfupi tu kwa kila jicho, ila iwe kabla kioo cha jicho hakijapata kovu. Kovu likishaingia, alisema, hata daktari wa Ulaya atashika tama. Halafu akaongeza, akitazama pembeni, kwamba siku hizi wagonjwa wanachangia huduma. Zamani matibabu yalikuwa bure na dawa hazikuwapo. Sasa dawa zilikuwapo, na zilikuwa na bei.

Pesa, kwetu, maana yake ilikuwa pamba. Hakukuwa na kitu kingine. Mahindi tulikula, mpunga tulikula mwaka ukikubali, na ng'ombe wetu walikuwa wawili, wa kukokota jembe.

Nieleze jinsi pamba ilivyouzwa enzi za chama cha msingi cha ushirika, maana bila hilo hakuna atakayemwelewa mama yangu. Pamba nyeupe, iliyokauka, isiyo na majani wala madoa, iliitwa safi. Ile iliyonyeshewa mvua au kupigwa manjano na kunguni wa pamba iliitwa fifi. Tuliianika kwenye chanja, tukaichagua kwa mkono, kila moja ikawa na gunia lake na bei yake. Karani wa chama hakuamini mdomo wa mtu. Aliingiza mkono kwenye gunia mpaka kwapani, akachota pamba ya chini kabisa, akaitoa nje na kuitazama. Akikuta fifi ndani ya gunia la safi, gunia lote lilimwagwa kwenye turubai mbele ya foleni, na mwenyewe akapiga magoti kulichagua upya huku watu wanamtania. Kwetu mtu angeweza kusamehewa kuiba ndama kabla hajasamehewa hilo.

Mama yalimpata mwaka wake wa kwanza wa ndoa. Alikuwa binti aliyeletwa kutoka Shishiyu, mgeni kijijini, na haraka za ugeni zilimfanya asiangalie vizuri gunia moja. Karani akalimwaga. Bibi yangu, yaani mkwewe, alisimama kando bila kumsaidia, akasema kwa sauti ya kusikika na foleni yote kwamba wao walidhani wameoa mkulima. Kisa hicho mama alitusimulia mara nyingi, na kila mara alicheka, lakini mikono yake haikucheka. Toka siku ile hakuna gunia lake lililowahi kurudishwa. Karani akifika kwake alikuwa anachungulia tu na kupiga kelele, "Safi!" na mama alirudi nyumbani siku hiyo akitembea mbele ya baba.

Sitaki mtu afikiri ninakililia chama. Walikuwa wanachukua pamba yetu wanatupa karatasi, na fedha inakuja msimu mwingine unapokaribia, ikiwa imeliwa njiani. Mizani yao ilikuwa na kilema ambacho kila mmoja alikijua na hakuna aliyethubutu kukisema. Huwezi kumuuzia mwingine, mwingine hayupo. Ndiyo maana redio ilipotangaza kwamba sasa biashara ya pamba ni huria, baba yangu alishika kichwa kwa furaha kama mtu aliyetolewa rumande.

Baba alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko, mtu wa kutania hata kwenye msiba. Neno hilo la soko huria alilipenda kuliko wimbo. Kwetu baba humwita binti yake mayu, yaani mama, kwa mapenzi na heshima, na jioni ile aliniita akanikalisha. "Mayu," alisema, "sasa sisi ndio tunachagua nani wa kumuuzia. Ni wao watakaotubembeleza." Nilimwamini. Hata leo siwezi kumlaumu kwa kuamini, maana mwaka wa kwanza ulikuwa hivyo hivyo alivyosema.

Mwaka huo walikuja wanunuzi watatu wakishindana. Walilipa hapo hapo, noti mkononi, na kila mmoja alipandisha kidogo juu ya mwenzake. Kijiji kilinuka sabuni mpya. Baba alinunua baiskeli, akamnunulia mama kitenge, akanunua betri za redio za kutosha mwaka mzima. Akamwambia mama waende hospitali. Nilikuwapo nikasikia, kwa hiyo asisemwe vibaya. Ni mama aliyekataa. Alisema kope zinaweza kungoja mwaka mmoja, kwanza paa la jiko lirekebishwe, na mwakani baiskeli ndiyo itampeleka. Alikuwa bado anaona uzi na tundu la sindano. Sote tulidhani sasa kila mwaka utakuwa namna hii.

Mwaka uliofuata macho yake yalianza kufanya ukungu. Nilikuwa ninang'oa kope kila baada ya siku tatu, na jicho la kushoto lilikuwa jekundu asubuhi mpaka jioni. Alipokuwa akimimina maji aliingiza kidole kwenye kikombe ajue yamefika wapi. Ndipo baba alipotuita wote na kusema mbele yetu, "Pamba ya mama yenu ni macho ya mama yenu. Isiguswe kwa kitu kingine." Mama alikuwa na shamba lake mwenyewe, ekari mbili hivi karibu na korongo, na mwaka ule lilizaa vizuri. Mvua ilichelewa kwenye mahindi, yakakauka, lakini pamba inavumilia. Kila niliyemwona akivuna kule nilimwona kama anavuna dawa.

Mnunuzi wa kwanza alifika mapema kuliko kawaida. Aliweka meza na mizani njia panda, lori nyuma yake, na kutangaza bei nzuri, ya juu kuliko ya mwaka uliopita. Alisema atanunua mpaka ghala lake lijae, na lini litajaa hakusema. Baba alikwenda kuchunguza akarudi anacheka mpaka anakaa chini. Alisema karani huyu mpya hana mkono. Haingizi mkono popote. Anafunga gunia kwenye ndoano, anasoma uzito, anatupa garini. Jirani yetu alikuwa amepeleka pamba yake safi na fifi humo humo, na mchanga ndani, na usiku aliinyunyizia maji iwe nzito. Amelipwa bei moja kwa yote na kuambiwa asante.

Baba alitaka tupakie kesho yake. Mama alikataa. Alisema pamba hiyo itafika kiwandani, na watauliza imetoka kwa nani. Baba alimwambia hakuna wa kuuliza, kwamba ndiyo uhuru wenyewe. Mama akajibu kwamba uhuru wa kuuza uchafu yeye haujui. Walibishana kwa upole, maana walikuwa watu wapole, na nilitamani sana siku ile wangekuwa wakali. Mwisho baba alinyoosha mikono, akasema shamba ni lako na macho ni yako. Mama akaomba siku kumi za kuchagua.

Basi tukachagua. Mimi na yeye, kuanzia jua linapotoka mpaka vivuli vinaporefuka, tumeinama juu ya chanja, vumbi la majani ya pamba linapanda usoni. Hakuna kazi mbaya zaidi kwa mtu mwenye vikope. Machozi yalimtiririka muda wote, akayafuta kwa mkono wa gauni, akaendelea. Alikuwa haoni manjano tena. Alichagua kwa vidole. Alisema fifi inashika kidole na safi inateleza, na mimi mwenye macho mawili mazima nilipitwa na vipande ambavyo yeye aliviokota bila kutazama. Ningesema ilikuwa ajabu kama nisingekuwa na hasira. Nilikuwa na hasira na pamba, na yeye, na karani wa zamani aliyekuwa labda ameshakufa, na bibi yangu ambaye hakika alikuwa ameshakufa. Kila siku niliwaona watu wakipita na mikokoteni kwenda njia panda na kurudi mitupu, wakiimba.

Siku ya saba nilifanya nilichofanya. Mama alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua, mimi nimebaki na rundo la fifi ambalo halijapata gunia, pamba ambayo bado haijachaguliwa, na magunia matatu ya safi ambayo hayajajaa. Niliitazama ile fifi. Nikaona siku tatu zilizobaki zinaweza kuwa moja. Nikayamwaga yale magunia matatu, nikashindilia fifi na ile isiyochaguliwa chini kabisa, nikaifunika kwa safi, nikayashona. Sikuona aibu hata kidogo. Niliona nimemwokoa. Mama aliporudi nilimwambia kazi imekwisha, akashangaa, akasema kweli damu ya ujana ina mbio.

Asubuhi iliyofuata baba alikuwa amekwisha kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Mama alitoka na kitenge chake cha mwaka jana, uso ameupaka mafuta. Tayari tulikuwa tumepanga kwamba kutoka njia panda yeye na baba wataunganisha safari moja kwa moja, watalala kwa ndugu, kesho yake hospitali. Nilikuwa nimemng'oa kope alfajiri hiyo nikajua ni mara ya mwisho. Baba aliinama ashike gunia la kwanza. Mama akasema ngoja. Akafungua mshono, akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono kwenye gunia mpaka kwapani, kama karani.

Alikaa hivyo kwa muda, shavu lake likiwa limelalia gunia. Akautoa mkono na kipande kidogo cha pamba, akakisugua kati ya vidole. Akafungua la pili. Akafungua la tatu.

"Hii imeingiaje?" aliuliza.

Nilisema sijui. Ni uongo wa kijinga, maana tulikuwa wawili tu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwageni yote," na baba akamsihi kwa kila neno alilokuwa nalo, akamwambia ng'ombe wamekwisha kufungwa, akamwambia mtu yule ananunua hata mchanga, akamwambia waache yale matatu waende na mengine. Lakini mama alikuwa hajui tena ni gunia gani la kuamini. Nami sikuweza kusema ni hayo matatu tu bila kukiri kwamba nilijua. Nilikaa kimya, na magunia yote yakamwagwa, kazi ya siku saba ikarudi kwenye chanja. Siku hizi nikikumbuka ni huo ukimya unaoniuma kuliko hila yenyewe.

Ilituchukua siku nne. Siku ya tatu jirani yetu mwenye mchanga alipita na baiskeli, akasimama kutusalimia, akatutazama tulivyoinama. Akauliza kama hatujasikia. Meza imekunjwa jana, lori limeondoka, ghala limejaa. Mama alimwuliza kama atarudi. Jirani akasema hao hawana ratiba, mayu, wao wako huru.

Wiki zikapita. Baba alikwenda na baiskeli mpaka Bariadi mjini kutafuta mnunuzi, akarudi bila kicheko. Kule aliambiwa bei ya dunia imeanguka, na kwamba pamba ya mkoa wetu inalalamikiwa kuwa chafu, ina mchanga, haitakiwi kama zamani. Alitusimulia hilo kwa utaratibu, akimwangalia mama, naye mama alikuwa ametazama upande mwingine, sijui kama alikuwa anaona chochote huko. Pamba yetu ililala chumbani, sisi tukalala juu yake. Mahindi yalikwisha. Tulianza kununua debe debe, na bei ya debe ilipanda kila wiki, nalo hilo lilikuwa soko huria.

Mnunuzi wa pili alipokuja, bei yake ilikuwa chini ya nusu. Kila mtu alikwenda, kwa sababu kila mtu alikuwa na njaa. Tulifika njia panda na magunia yetu, safi upande mmoja wa mkokoteni na fifi upande mwingine, mama ametembea nyuma ameshika ubao. Alimwamkia mnunuzi, "Mwadila, baba," na yule hakuitika, alikuwa anahesabu magunia kwa kalamu. Mama akamweleza kwamba haya ni safi na haya ni fifi, amezitenga. Mtu yule alimtazama kwa mara ya kwanza, bila ubaya, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Mama, pamba ni pamba," alisema.

Vibarua wake wakapima gunia moja moja, wakaita uzito, na wa juu ya lori akayakata mshono na kuyamwaga. Safi ikaanguka juu ya mchanga na majani ya watu, fifi ikaanguka juu ya safi, mtu akapanda akazikanyaga zishindiliwe. Niliona pamba ile nyeupe aliyoichagua mara mbili kwa vidole inageuka kuwa rundo moja la kijivu. Mama alikuwa amesimama kando yangu, uso ameuinua kuelekea lori, macho yanatoka machozi kama kawaida yake. Akanishika mkono.

"Zile safi wameziweka wapi?"

"Wameziweka peke yake, mayu," nilimjibu.

Akatikisa kichwa, akaniachia mkono. Baba alisikia, akanitazama, akaenda kupokea fedha.

Kilichopatikana kilinunua mahindi na mbegu. Mbegu na dawa ya wadudu zamani zilitoka chama, sasa nazo zilitaka noti mkononi. Kilichobaki kingemfikisha mama hospitali na kumwacha mlangoni. Baba alisema atauza ng'ombe mmoja. Mama alimwuliza yule atakayebaki atalima na nani, atafungwa na yeye baba? Tulicheka, nyumba nzima, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Ng'ombe hakuuzwa. Nilirudia kibano changu, kila baada ya siku mbili sasa, na mkono wangu ulikuwa umeanza kutetemeka.

Mwaka uliofuata baba aliuza ng'ombe bila kumwambia, akauza na baiskeli, akampeleka. Walirudi baada ya siku nne. Ngozi ilikuwa imegeuzwa vizuri, kope zilikuwa zimekaa nje kama za watu. Ila vioo vya macho vilikuwa vyeupe tayari. Daktari aliwaambia maumivu yataisha na maumivu yaliisha, na alisema laiti angeletwa mwaka mmoja nyuma. Baba aliyarudia maneno hayo ya mwaka mmoja akiwa amesimama katikati ya uwanja, mfuko wa nguo bado mkononi. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakitupa kibano chooni.

Sikumwambia yeyote kuhusu magunia yale matatu. Baba alifariki bila kujua, au akijua bila kusema. Kwa miaka yake ya mwisho alikuwa anauza pamba kwa yeyote aliyetangulia kufika, kwa bei yoyote, na redio ikizungumza habari za soko aliizima.

Siku hizi Lagangabilili ni makao makuu ya wilaya, kuna maofisi yenye vioo na lami imesogea. Mkoa nao ni mpya, una jina lake mwenyewe. Mwaka mmoja niliitwa kwenye semina ya vikundi vya kina mama, na kijana mmoja mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri alitueleza kuwa uhuru wa kiuchumi ndio unaowatoa watu kwenye umaskini wa kutupwa, na kwamba nchi zilizofungua masoko zimepiga hatua. Sikuona kama anasema uongo. Jirani yetu mwenye mchanga ana nyumba ya bati yenye vyumba vinne, na wanawe wamesoma. Nilichotaka kumwuliza ni huo uhuru unamfaaje mtu ambaye hawezi kungoja. Nilinyanyua mkono, akanipa nafasi, nikashindwa kulisema bila kuanza na kope za mama. Nikauliza posho italipwa saa ngapi, watu wakacheka, nikakaa.

Mama yupo bado. Anaishi kwa kaka yangu, kwenye uwanja ule ule, na kila msimu wa pamba wifi yangu humletea kikapu asikae bure. Anakaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, anachagua kwa vidole. Kushoto safi, kulia fifi. Hakosei. Akimaliza, wifi huyachukua marundo yote mawili, huzunguka nyuma ya nyumba na kuyashindilia kwenye mfuko mmoja wa sandarusi, kwa sababu bei ni moja tangu siku ile na haijawahi kuwa mbili. Mwanzoni nilimkasirikia wifi yangu kwa hilo. Kisha nikawa nafanya hivyo mwenyewe nikienda kuwatembelea.

Safari hii ya mwisho nilikuwa nimekwisha kuyakusanya marundo, nimepiga hatua mbili tatu kuelekea nyuma, mama akaniita. Aliniuliza ni mzigo gani mwepesi namna hiyo ambao watu wa nyumba hii wanauzungusha nyuma kila siku. Nikasimama. Nilisema ninauweka ndani.

"Ile siku ya lori," alisema, "hakuna aliyeita safi. Waliita uzito tu. Nilingoja mpaka gunia la mwisho."

Nilikaa chini kwenye vumbi na pamba yangu mapajani. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejipa moyo kwamba angalau hilo nililizuia lisimfikie. Nilitaka kumwambia na yale mengine, magunia matatu, fifi ya chini, na mdomo ulifunguka, lakini alitangulia akasema ya magunia alijua toka asubuhi ile, maana mshono ulikuwa wangu na si wake, na kwamba tusiongee habari za watoto. Nikamwuliza, kwa hasira, kwa sababu sina njia nyingine ya kulia, basi kwa nini anaendelea kuchagua. Akasema, "Na kutwa yote hii ningefanya nini?" Hakuwa ananitania.

Kisha akasogeza sandarusi kwa mguu mpaka ikanigusa goti. "Changanya hapa hapa," alisema. "Nisikie."

Nikamwaga rundo la kushoto, nikamwaga la kulia, nikashindilia kwa mkono. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, sikio upande wangu, ametulia sana, kama alivyokuwa anatulia zamani nikimshika ukope.

"Umekwisha kuanza?" aliuliza.

Nilikuwa nimemaliza.